Tupeane uzoefu: ulimfikiaje daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso?

KakaMkubwa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Nimekaa na jambo hili karibu mwaka mzima, leo nimeona niliweke hapa ili wenye mkasa kama wetu wasizunguke kama tulivyozunguka sisi.

Mdogo wangu ana miaka 24. Alianza na uvimbe mdogo kwenye taya ya chini, kushoto, nyuma kabisa karibu na gego la mwisho. Hauumi. Hapo ndipo tulipoponzeka. Asiyeumwa haendi hospitali, na sisi nyumbani tukasema ni jino linaota, litatulia. Alipokwenda baada ya miezi kadhaa akaambiwa jino limeoza, likang'olewa. Uvimbe ukabaki palepale. Jino la jirani likaanza kucheza, nalo likang'olewa. Akapewa antibayotiki dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Homa hana, usaha hana, dawa zinaendelea.

Jioni moja nikamwambia afungue kinywa nimguse. Nikapitisha kidole kati ya shavu na fizi, nikabonyeza. Mfupa ulibonyea. Ulibonyea kidogo tu, kama ganda la yai lililopata ufa, na mimi nikautoa mkono haraka. Sikulala usiku ule.

Aliyetufungua macho ni daktari wa meno kijana, kwenye kliniki ndogo. Hakugusa jino lolote. Aliagiza picha ya taya zima, ile ambayo unasimama umeng'ata kijiti na mashine inakuzunguka kichwa. Picha ilipokuja, upande wa kushoto mfupa ulikuwa vyumba vyumba kama povu la sabuni. Akachukua kalamu, akaifuata mipaka ya ule uvimbe kwa mbali bila kugusa kioo, kisha akasema: "Hili si la kwangu. Hili ni la daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Naandika rufaa sasa hivi." Kwa umri wangu huu sikuwahi kusikia kwamba kuna daktari wa namna hiyo. Nilijua daktari wa meno, nilijua daktari wa upasuaji. Kwamba yupo anayesimama katikati yao, hilo sikulijua, na kwa sababu sikulijua sikuweza kumuulizia.

Bingwa alikata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, jibu likarudi ameloblastoma. Alitueleza kuwa si saratani ya kusambaa mwilini, ila inakula mfupa taratibu, na ukiikwangua tu bila kukata na mfupa wenye afya unaoizunguka ina tabia ya kurudi. Kwa hiyo alikata kipande cha taya pamoja na ukingo wa mfupa wenye afya wa sentimita moja hadi mbili kila upande, akachukua mfupa mwembamba wa mguuni, ule wa pembeni ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, akaunda nao taya. Upasuaji ulichukua mchana kutwa.

Nawaomba mliopitia haya mseme: nani alikuambia kwamba bingwa huyu yupo? Ulijuaje kuwa ni bingwa kweli? Na kipi ungekifanya mapema zaidi? Tusitaje majina ya madaktari wala hospitali, tueleze njia tu.

MwalimuWaHesabu

Pole sana mkuu, na pole kwa mdogo wako. Mimi langu ni dogo ukilinganisha na hilo, lakini linaweza kumsaidia mtu.

Gego la mwisho la chini kulia lilikuwa limelala chali, limeukabili mzizi wa mwenzake. Fizi ya juu yake inavimba kila baada ya miezi miwili mitatu, kinywa hakifunguki, natafuna upande mmoja. Nikaenda kung'oa. Daktari akachoma ganzi, akahangaika zaidi ya saa moja, taji la jino likakatika, mizizi ikabaki. Akanishona, akaniambia nirudi wiki ijayo tuendelee. Nilirudi nyumbani nimevimba hadi jicho.

Wiki ile nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza: mzizi uko umbali gani na mshipa wa fahamu? Akanyamaza. Ndani ya taya ya chini kuna mfereji, na ndani yake unapita mshipa unaoipa hisia midomo ya chini na kidevu. Ukiumizwa, mdomo unakufa ganzi, kwa wengine miezi michache, kwa wachache moja kwa moja. Hakuwa na picha ya kumwonyesha hilo. Alikuwa na kale kapicha kadogo ka jino moja, na ncha za mizizi zilikatika nje ya picha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa rufaa, namshukuru kwa hilo. Bingwa akaagiza picha ya pande tatu. Akanionyesha mizizi miwili imeukumbatia mfereji. Akasema kuna mtu angeitoa yote, lakini kwa hali ile yeye anashauri kusawazisha ile mizizi iliyobaki, kuishusha chini ya usawa wa mfupa na kuiacha humo, maana haikuwa na ugonjwa. Nilishtuka: kumbe mizizi inaweza kuachwa makusudi! Huu ni mwaka wa tatu, haijanisumbua na mdomo wangu una hisia zote.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanzisha mada: kabla jino la nyuma halijaguswa, uliza picha iko wapi, na uonyeshwe ncha za mizizi.

MshonajiNguo

Mimi maji yalitoka puani.

Niling'olewa gego la juu, siku hiyohiyo jioni nikanywa maji, yakatiririka kwenye pua ya kushoto. Nilidhani nimepaliwa. Nikanywa tena, yakatoka tena. Nilimpigia dada yangu nikilia, nikimwambia kinywa changu kimetoboka.

Na kweli kilikuwa kimetoboka. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wa hewa ndani ya mfupa wa taya ya juu, na kwa watu wengine mizizi inaufikia kabisa. Jino likitoka, linaacha tundu kati ya kinywa na uwazi ule. Kinachoniuma ni kwamba niliporudi pale nilipong'olewa nikaambiwa "ni kawaida, litajifunga". Tundu dogo sana hujifunga kweli, kubwa halijifungi. Langu halikujifunga. Baada ya mwezi nilikuwa na harufu mbaya puani, upande mmoja wa uso mzito, na kila nikiinama kichwa kinagonga. Nilitibiwa mafua wiki tatu!

Aliyenielekeza ni daktari wa masikio, pua na koo. Alinisikiliza, akaniambia fungua kinywa, akatazama, akasema tatizo lako limeanzia kwenye jino, nenda kwa bingwa wa kinywa na taya. Bingwa alisafisha, akavuta nyama ya shavuni kwa ndani akalifunika tundu na kushona. Masharti ya wiki mbili: usipenge, usinywe kwa mrija, ukipiga chafya acha kinywa wazi. Nililala na mito mitatu. Likafunga.

Mwenye dalili hii asikubali kusubiri mwezi.

FundiPaa

Habari za leo. Nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikatua kwa kidevu. Damu nyingi, kidevu kimepasuka. Wodi ya dharura walinishona vizuri kabisa nyuzi saba, wakanipima kichwa, wakaniruhusu. Sina lawama kwa ushonaji.

Siku ya tatu uvimbe ulipopungua nikajaribu kutafuna. Meno hayakukutana. Magego yanagusana, meno ya mbele yamebaki wazi, ulimi unapita katikati. Mke wangu akaniambia nifunge kinywa, nikamwambia nimefunga. Tukatazamana.

Kumbe ukitua kwa kidevu nguvu inapanda hadi juu, mbele ya masikio, kwenye vichwa vya taya, na mara nyingi huvunjika huko wakati jeraha unaloliona liko kidevuni. Langu lilikuwa limevunjika sehemu tatu: kidevuni katikati na pande zote mbili huko juu. Na mimi nilikuwa nimerudi kazini!

Nilichofanya, na nawashauri: nilirudi palepale nikasema sentensi moja, "meno yangu hayakutani kama zamani." Sikusema naumwa, maana kila aliyeanguka anaumwa. Yule muuguzi aliposikia hayo aliandika kitu, na ndani ya saa mbili alikuja daktari bingwa wa taya. Kwenye taya meno yenyewe ndiyo rula, alisema, yakikaa mahali pake na mfupa umekaa.

Nikawekewa pleti ya titani kidevuni na vyuma kwenye fizi za juu na chini, vikafungwa kwa mipira midogo. Wiki kadhaa za kunywa tu. Nilipungua sana. Walinipa mkasi wa kukatia, nikaambiwa nitembee nao wakati wote, nikitapika au nikikosa pumzi nikate. Niliutundika shingoni kwa kamba. Mtoto wangu wa miaka sita alijifunza kuutumia, na nilimfundisha kwa uzito kama ninavyomfundisha kuvuka barabara.

Mazoezi ya kufungua kinywa baada ya kutolewa mipira msiyadharau, wakuu. Vichwa vya taya vikikakamaa, kinywa hakifunguki tena.

BintiWaPili

Naomba nipingane kidogo kwa heshima. Nasoma hapa naona mtu mwenye jino la kawaida anaweza kuogopa akakimbilia kwa bingwa, akaenda kusubiri foleni ya miezi bila sababu. Magego yangu manne ya mwisho yote yaling'olewa na daktari wa meno wa kawaida, mwanamke mmoja makini sana. Yalikuwa yameota wima, mizizi imenyooka. Dakika ishirini kila moja.

Moja liliniletea shida: siku ya tatu maumivu yalikuja upya, makali hadi sikioni, kuliko hata kabla ya kung'oa. Nikatazama kwenye kioo nikaona tundu tupu, mfupa mweupe, donge la damu halipo. Nilikuwa nimesukutua kwa nguvu siku ileile ya kwanza, nikitema na kutema. Nilirudi kwa huyohuyo, akaliosha, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, baada ya nusu saa nikapumua. Hilo halikuhitaji bingwa, lilihitaji kurudi mapema.

Ninachosema ni kwamba daktari wa meno mzuri ndiye mlango. Wenye mikasa humu wengi wameokolewa na daktari wa kawaida aliyesema hili si la kwangu.

KakaMkubwa

Dada hapo umesema kweli na nimekuelewa. Hata sisi bila yule kijana tusingefika.

TabibuMstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ya meno zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu. Nimewasoma wote. Nitaongeza machache ambayo nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wangu.

Kwanza, kumtambua. Bingwa huyu kwanza husomea udaktari, mara nyingi wa meno, kisha husomea upasuaji huu kwa miaka, nchi nyingi minne au zaidi. Kwa wenzetu Uingereza na Ujerumani anatakiwa awe na shahada mbili, ya meno na ya udaktari wa binadamu. Marekani wapo wa miaka minne na wapo wa sita, hao wa sita hutoka na shahada ya udaktari wa binadamu pia. Sehemu nyingi kuna baraza linalosajili madaktari, na rejesta yake hutaja ubingwa wa kila mmoja. Kuuliza "wewe umesajiliwa kama bingwa wa nini?" si utovu wa adabu. Nimeulizwa mara nyingi na nilikuwa najibu: mimi si bingwa, lakini namjua wa kukupeleka.

Ukikosa pa kuanzia, ulizia chuo kikuu kinachofundisha udaktari wa meno kilicho karibu nawe. Hospitali yake ya kufundishia ndipo mabingwa hawa wanapopatikana mara nyingi, na foleni yake, japo ndefu, humalizikia kwa mtu sahihi.

Pili, rufaa iandikwe vizuri. Nimeona barua nyingi zimeandikwa "uvimbe, tafadhali muone" basi. Mgonjwa huyo atapangwa mwisho. Muombe daktari aandike uvimbe umeanza lini, umekua kiasi gani, kama meno yanacheza, kama mdomo wa chini una ganzi, dawa zipi zimetumika. Mdomo wa chini uliokufa ganzi wenyewe, bila kung'olewa jino wala kuanguka, ni dalili nzito. Ikiandikwa kwenye barua anayepanga foleni ataiona. Na picha zako ni mali yako, tembea nazo.

Tatu, na hili naliandika nikiwa na sura ya mgonjwa mmoja kichwani. Jino la chini likioza, usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na chini ya kidevu pande zote mbili. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836 na hadi leo unaua. Ukimuona mtu amevimba chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao, ulimi umeinuliwa, anadondosha mate kwa kushindwa kumeza, sauti imebadilika kama mtu mwenye kitu cha moto kinywani, hawezi kulala chali: huyo hatafutiwi bingwa. Apelekwe dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kinachomuua ni kuzibwa njia ya hewa, na njia ya hewa haisubiri rufaa. Bingwa ataitwa akiwa ndani.

MtotoWaMzee

Shikamoo tabibu. Nimesita kuandika lakini nitaandika.

Baba yangu alivuta sigara maisha yake yote. Akapata kidonda pembeni mwa ulimi. Alisema amejing'ata. Kidonda hakikuwa kinamuuma sana, alikuwa akilalamika tu kwamba vitu vya chumvi vinamchoma. Akapaka dawa ya kununua dukani. Mwezi. Miezi miwili. Mimi naishi mbali naye, nikipiga simu ananiambia kimepungua.

Nilipokwenda kumuona nikamsikia anavyotamka baadhi ya maneno, ulimi hauendi. Nikamuomba anionyeshe. Baba yangu ni mtu wa haya, hapendi kuonekana ana udhaifu mbele ya watoto. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alinifuata mwenyewe, akakaa, akafungua kinywa, akafumba macho. Kidonda kilikuwa na kingo zilizoinuka, na nilipogusa kwa kidole kilichofungwa gozi palikuwa pagumu.

Daktari wa meno alikitazama mara moja akasema kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili lazima kichunguzwe, na kiliko ni mahali ambapo saratani ya ulimi hupenda kuanzia. Tulimfikia bingwa baada ya siku tisa. Kinyama, maabara, jibu. Walikata sehemu ya ulimi na kuondoa tezi za shingoni upande ule, kisha mionzi. Baba alijifunza kumeza upya na kuongea upya. Sasa anaongea, taratibu, na herufi r haitoki sawasawa. Ananiita kwa jina langu, na ninamwelewa.

Wenye wazazi wanaovuta au kutafuna tumbaku, waambieni wafungue kinywa. Muinulie ulimi, mtazame pembeni na chini yake. Ni dakika moja.

MshonajiNguo

Nimelia. Mungu amzidishie mzee afya.

ZamuYaUsiku

Mimi nilikwenda kwa bingwa nikitaka kupasuliwa, akanikatalia. Nadhani na hili ni uzoefu.

Taya langu lilikuwa likilia kak kak kila nikipiga miayo, asubuhi naamka nimekaza, kichwa kinauma kwenye panja. Kuna mahali niliambiwa kiungo kimekwisha, kinahitaji upasuaji haraka. Nikakusanya nguvu, nikaenda kwa bingwa kuthibitisha. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia fungua, funga, peleka kushoto, peleka kulia. Akanipima kwa vidole vitatu vyangu mwenyewe, vikaingia wima kati ya meno. Akaniuliza nalala saa ngapi. Akatazama meno yangu akaona yamesagika.

Akasema wengi wenye tatizo la kiungo cha taya hupata nafuu bila kisu, na mlio peke yake bila maumivu wala kukwama si ugonjwa wa kupasua. Nikatengenezewa kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, nikafundishwa kuweka ulimi juu na kuyaachanisha meno mchana. Miezi minne kichwa kikaacha kuuma. Mlio upo bado, siujali.

Mtu mwenye kisu mkononi aliyeniambia hakihitajiki, ndiye ninayemwamini siku kitakapohitajika.

MjukuuWaKwanza

Kwa wenye wazee: kabla mzee hajang'olewa jino mwambieni daktari dawa ZOTE anazotumia, hasa za kuimarisha mifupa na sindano wanazochomwa baadhi ya wagonjwa wa saratani. Bibi yangu alikuwa kwenye sindano hizo, hakuna aliyeuliza, sisi hatukusema. Aling'olewa jino, tundu halikupona miezi mitatu, mfupa ukaonekana wazi. Bingwa alituambia kuwa madaktari walianza kuliripoti tatizo hili mwaka 2003 na kwamba vidonge vya mifupa hatari yake ni ndogo, sindano za wagonjwa wa saratani ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Na msimwachishe mzee dawa wenyewe. Semeni tu.

MwalimuWaHesabu

Mwanzisha mada, hukutuambia mdogo wako anaendeleaje.

KakaMkubwa

Samahani mkuu, nilikuwa nasoma ya wenzangu nikasahau yetu.

Anaendelea vizuri. Mguu ulimsumbua wiki chache, sasa anatembea bila kuchechemea. Uso umebaki na kovu linalofuata mstari wa taya, ukimtazama kwa mbele hulioni. Upande wa kushoto hana meno ya nyuma, bingwa amesema mfupa ukishika sawasawa watafikiria kupandikiza. Ganzi ya mdomo wa chini upande ule ipo, tuliambiwa mapema kwamba mshipa utakatwa pamoja na uvimbe, kwa hiyo haikumshtua. Huwa anajifuta kidevu baada ya kila funda, maana hasikii tone likishuka.

Kilichobaki ni kliniki. Uvimbe huu unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo atapigwa picha kila baada ya muda kwa miaka mingi. Nimeandika tarehe zote nyuma ya bahasha ya picha ya kwanza.

Mama_Mapacha

Jamani samahani naingilia. Nimeusoma uzi huu wote tangu juu. Binti yangu ana miaka 15, ana uvimbe kama huo ulioelezwa mwanzo, hauumi, na jino moja halijaota mahali pake ingawa la kitoto lilishatoka. Ameshakunywa antibayotiki mara mbili. Nianzie wapi?

KakaMkubwa

Mama, usihofu kabla ya picha. Kwa umri wake kuna vivimbe vya maji vinavyozunguka jino lililokwama mfupani, na hivyo huondolewa vikaisha. Lakini antibayotiki ya tatu usikubali kabla ya picha ya taya zima. Nenda kwa daktari wa meno yeyote, sema maneno haya: uvimbe hauumi, una muda gani, jino halijaota, dawa mara mbili hazikusaidia, naomba picha ya taya zima na rufaa. Andika kwenye karatasi umpe kama utashindwa kusema.

Tabibu akipita hapa anisahihishe.

TabibuMstaafu

Hujakosea. Aje na kadi ya kliniki ya mtoto, na picha yoyote ya meno aliyowahi kupigwa, hata ya zamani.

Mama_Mapacha

Nimeshaandika karatasi. Tunakwenda Jumatatu asubuhi. Nitarudi kuwaambia.